Tieni Barafu, Muiteni na Mama

Kuna watu wawili nisiokubaliana nao, na kwa bahati mbaya wote ni ndugu zangu. Wa kwanza ananiambia kutia barafu kwenye wiski ni ushamba. Wa pili ananiambia wiski si kitu cha kunywewa nyumbani, mbele ya mama na mashangazi. Mwanamume akitaka kunywa atoke, aende wanakokunywa wenzake. Wao wanadhani wana hoja mbili tofauti. Mimi naona ni hoja moja: kwamba wiski ina cheo, na si kila mtu anafaa kuisogelea.

Niseme mapema kwamba sizungumzi na nyumba ambazo dini imeshakata shauri, wala na mtu aliyeacha pombe na anapigana kila siku asiirudie. Hao wana heshima yangu yote. Nazungumza na nyumba kama yetu, za Wachagga wa Moshi na za wengine wengi, ambako pombe ipo, kila mtu anajua ipo, na bado tunaishi kama vile haipo.

Tuanze na barafu. Binamu yangu amesoma mahali kwamba wiski hunywewa katika joto la chumba. Sawa, lakini chumba cha nani? Aliyeanzisha kanuni hiyo alikuwa amekaa Scotland karibu na moto, nje kunanyesha. Mimi nimepanga chumba Sinza, na mwezi wa pili hapa Dar joto linapita nyuzi 30 bila kubisha hodi. Wiski ya joto la chumba changu ni uji. Binamu mwenyewe akiinywa anakunja uso, kisha anatuambia amesikia ladha ya mwaloni.

Tena wiski anayoilinda isiguswe na maji imeshatiwa maji. Ikitoka kwenye pipa huwa kali mno, mara nyingi zaidi ya asilimia 55, na kiwandani huongezwa maji mpaka ishuke kwenye asilimia 40 au zaidi kidogo, ndipo itiwe kwenye chupa. Mwaka 2017 wanasayansi wawili walioko Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yakiongezwa, molekuli inayoipa wiski harufu ya moshi husogea juu, karibu na pua ya mnywaji. Ni kweli kwamba ubaridi nao hupunguza harufu. Lakini Wajapani, ambao hakuna anayethubutu kuwaita washamba wa wiski, wana kinywaji chao cha kawaida kiitwacho mizuwari: wiski, maji na barafu, kikiandamana na chakula. Na Waingereza waliokuwa Calcutta mwaka 1833 walishangilia meli ya Frederic Tudor wa Boston ilipotia nanga ikiwa imebeba barafu, baada ya safari ya miezi minne. Watu wenye joto hutafuta baridi. Hakuna aliyewaita washamba, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakigawa majina.

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulichora ukanda mkubwa katikati ya Afrika na kuzuia vinywaji vikali visiingizwe mahali ambapo havijazoeleka. Mwaka 1919 ukaja mkataba mwingine, wa Saint-Germain, kuhusu biashara ya pombe Afrika. Katika Tanganyika ya Waingereza, kwa sehemu kubwa ya utawala wao, Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa vinywaji vikali. Bwana mkubwa alikaa barazani jioni na glasi yake ya wiski, na mtumishi aliyemletea barafu akijaribu kuionja alikuwa na kesi. Yaani kwa babu zetu wiski iliingia machoni kabla ya kuingia mdomoni, na ilivyoingia machoni ilikuwa alama ya mtu anayeruhusiwa.

Uhuru ulikuja, marufuku ikaondoka, alama ikabaki. Angalia kabati la vyombo sebuleni kwenu. Kama kuna chupa ya wiski, huenda imekaa pale tangu harusi ya kaka. Haifunguliwi. Inasubiri mkwe, au padri, au mheshimiwa fulani. Siku akija, wanaume watakaa nayo, na mama ataleta glasi, ataleta korosho, atarudi jikoni, kisha baadaye ataziosha zile glasi. Tumemfukuza bwana mkubwa, tumebaki na baraza lake, na nafasi ya mtumishi tumempa mama.

Na haya yanafanywa na watu ambao pombe yao wenyewe haikuwa hivyo. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu, ulezi, na magome ya msesewe yanayoipa uchungu, na wanaoipika ni wanawake. Aliyeipika huionja kwanza, watu waone, ndipo kata izunguke. Kata ikizunguka, kila mtu anaona kila mtu amekunywa kiasi gani. Sisemi wazee wetu walikuwa malaika. Walevi wa mbege wapo, na wake zao wanaweza kukusimulia. Nasema tu kwamba mlevi wa mbege alikuwa mlevi anayejulikana, na anayejulikana anaweza kuambiwa basi.

Sasa nimfikie ndugu yangu wa pili, anayetaka wanaume watoke. Kwake kunywa nje ni heshima kwa familia. Mjomba wangu mmoja alikuwa na heshima ya namna hiyo. Hakuwahi kunywa nyumbani hata siku moja, na kwenye vikao vya ukoo alitolewa mfano. Kila jioni alipita grosari, akakata bapa lake, akatafuna pipi ya mnanaa, akafika nyumbani na gazeti kwapani. Alipolazwa kwa ini, daktari alimuuliza mkewe mgonjwa anakunywa kiasi gani. Yule mama akajibu kwa uaminifu kabisa: hanywi. Muuza grosari angeweza kutoa jibu sahihi, lakini hakuna aliyemuuliza muuza grosari. Tulimzika akiwa na miaka 51. Siku ya arobaini tulikuwa bado tunapunguza sauti tukitaja alichougua.

Nchi nzima imewahi kuona jambo hilo kwa sura nyingine. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali. Bei ndogo ilikuwa sehemu ya tatizo, lakini udogo wenyewe ulikuwa tatizo pia: kiroba kiliingia mfukoni mwa sare ya shule, kikanywewa chooni, ganda likatupwa, na mzazi asijue chochote. Kilikuwa pombe iliyotengenezwa ili isionekane. Viroba vimeondoka. Mfuko tuliovifichia hatujaushona.

Mtu atasema, na ana haki: Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Nakubali. Sisemi wiski ni dawa, na anayekuambia hivyo anauza wiski. Ninachopima ni jambo jingine: kwa wale ambao watakunywa hata hivyo, wanywe wapi, na nani anawaona? Toti moja ya mililita 30 ina alkoholi halisi mililita 12. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Anayemaliza toti mbili za wiski mezani kwao katika saa mbili amekunywa pungufu ya bia moja. Anayesema ametoka kunywa "mbili tatu" baa hajui alichokunywa, na bili haimkumbushi mpaka imlazimu kuomba simu ya mtu.

Mwingine atasema: mbona wapo wanaolewa nyumbani na kuwapiga watu wao? Wapo, na wanaowaishi nao hawahitaji nasaha ya mezani, wanahitaji kulindwa na kuondoka pale. Lakini huyo hakuwahi kukaa meza ninayoizungumzia. Chumbani na chupa peke yako si nyumbani. Ni grosari yenye kitanda. Nikisema nyumbani nasema penye watu, penye taa, na penye mtu anayeweza kukuita kwa jina ulilopewa utotoni.

Kwetu, Desemba tukikusanyika Moshi, mambo huwa hivi. Tunakula kwanza. Barafu imegandishwa kwenye bakuli la plastiki tangu asubuhi, na mdogo wangu wa chuo anaivunja kwa mchi wa kinu, ndani ya taulo. Chupa inakaa katikati ya meza, si karibu na mtu. Mama anachukua toti moja, anaijaza soda ya tangawizi mpaka juu. Shangazi anataka barafu nyingi kuliko kinywaji, ili aisikie ikipasuka. Bibi hanywi, ila glasi yake ya maji ina barafu ileile, na yeye ndiye mwenye kifuniko cha chupa mkononi. Anayeendesha gari hapewi, anayekataa haulizwi mara ya pili, mtoto hatumwi dukani. Bibi akifunika, imefunikwa. Nimewaona wanaume wazito wa ukoo wetu wakinyamaza mbele ya kifuniko kile.

Na tunazungumza. Meza hiyo ndipo nilipojua kwamba mama aliwahi kukataa posa mbili kabla ya baba, na kwamba shamba la mgomba lilikaribia kuuzwa ili nisome. Wiski haikuyasema hayo. Yalisemwa na mama, kwa kuwa safari hii alikuwa amekaa. Kwa miaka mingi alikuwa jikoni na habari zake zote.

Kwa hiyo wewe uliyepata ajira ya kwanza na unafikiria kuwapelekea wazee chupa ya sikukuu, usipeleke chupa ya kabati. Ifungue siku hiyo hiyo. Osha glasi wewe. Mvutie mama kiti kabla hujamvutia baba mdogo, na kama hataki kileo, mpe soda kwenye glasi kama zenu, na barafu ileile. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye huwezi kunywa mbele yake, jiulize vizuri kinachokuzuia: ni heshima, au unaogopa kwa sababu yeye anajua kuhesabu?