Magoti ya Mama na Viti vya Mbele

Kikao kilifanyika Lukenya, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, mahali ambapo ukisimama uani unauona ule mwamba ambao wapanda milima kutoka Nairobi huja kuuparamia Jumamosi. Jambo lilikuwa moja. Mpwa wetu anaoa Mombasa, na mama, mwenye miaka 78 na magoti yaliyochakaa, lazima afike. Michango ilikuwa imekusanywa, na mweka hazina nilikuwa mimi. Chai haijamiminwa, tayari ilikuwa imeamuliwa kwamba mama akatiwe tiketi ya ndege ya daraja la biashara. Nilipouliza kwa nini, nilitazamwa kama mtoto anayemwonea mamake choyo.

Nimeendelea kuzisikia sababu zilezile tangu siku hiyo, kwenye vyama na kwenye kamati za harusi, kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Ndiyo maana nazijibu hapa. Kuna familia zinazokopa ili kulipia safari ya chini ya saa moja, na mzee aliyekusudiwa asipate hata kimoja cha vitu alivyohitaji.

Wa kwanza kusema alikuwa shemeji: "Mama hawezi kubanwa katikati ya watu wawili." Ni hoja ya mtu aliyezoea matatu. Ndege ambazo Kenya Airways imezitumia kwa miaka mingi katika safari fupi ni Embraer 190, na ndani yake kiti cha katikati hakipo. Daraja la kawaida lina viti viwili upande huu na viwili upande ule, na kila abiria ama yuko dirishani ama yuko kwenye ujia. Abiria wote ni 96, 84 nyuma na 12 mbele. Kule mbele kiti ni kipana zaidi na miguu ina nafasi zaidi, sikatai. Lakini ile adha ambayo shemeji alitaka kumwondolea mama haimo kwenye ndege hiyo. Kwenye Boeing 737, yenye viti vitatu kila upande, angekuwa na haki ya kuhofia. Na jambo la kushangaza ni kwamba Ulaya, katika safari fupi, mashirika mengi huuza daraja la biashara lenye viti vilevile vya nyuma, yakakiacha wazi tu kile cha katikati.

Kaka akasema daraja la biashara linaokoa muda. Hapa nilitaka kumtoa nje nimwonyeshe barabara. Kutoka kwetu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ni mwendo wa kilomita zisizozidi 30 hivi, na saa zinazopotea zinapotelea hapo, nyuma ya malori ya saruji ya Athi River na matrela yanayopanda kutoka bandarini. Barabara ya juu iliyofunguliwa Mei 2022 inaanzia Mlolongo, kwa hiyo mtu wa Lukenya anaifikia akiwa ameshamaliza sehemu kubwa ya taabu yake. Tiketi ya bei yoyote haisukumi lori pembeni. Ukifika uwanjani, ndiyo, foleni ya mbele ni fupi, na begi lako linaweza kutangulia kwenye ukanda wa mizigo. Lakini mtu aliyejisajili kwa simu tangu jana yake, akachagua namba ya kiti akiwa sebuleni, naye hakai kwenye foleni ile. Kisha wote mnangojea mlango mmoja, mnapaa pamoja na kutua pamoja.

Mizigo ni hoja ya haraka. Kwenye mashirika mengi begi la daraja la kawaida huwa na kikomo cha kilo 23, la mbele kilo 32. Sisi tulikuwa na vyondo viwili, ndengu, na asali ya jamaa zetu wa Kitui. Vyote viliingia kwenye mabegi ya watu wanne na nafasi ikabaki. Ukiwa na ziada, lipia ziada.

Na chakula? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Mombasa iko ufukweni. Ndege ikishamaliza kupanda, haichukui muda kabla ya kuanza kushuka. Muda wa kula kwa utulivu ni mfupi kuliko muda wa kuchemsha githeri. Ukumbi wa mapumziko pale uwanjani ni mzuri kwa mtu anayengojea ndege ya usiku kwenda mbali. Anayekwenda Mombasa akikaa humo nusu saa atakuwa amekaa sana.

Sasa magoti. Hii ndiyo hoja iliyonyamazisha kikao, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anayadharau magoti ya mama. Nami ndiyo niliyoichukulia kwa uzito kuliko zote.

Nilimwendea mwenyewe. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga, mguu mmoja ameunyoosha. Nikamuuliza, mwaitu, goti linauma lini? Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba akikaa haliumi. Linauma akiinuka, akitembea mbali, na zaidi ya yote akishuka ngazi, maana hapo uzito wote unaliangukia. Kisha akaniuliza kama kule kwenye ndege kuna ngazi. Hakuna mtu katika kamati nzima aliyekuwa amemuuliza swali hilo la kwanza, wala aliyekuwa na jibu la hilo la pili.

Tazama basi safari yenyewe kwa jicho lake. Tulipofika langoni mwa uwanja, abiria tulishushwa garini tupite kwenye ukaguzi kwa miguu. Baada ya hapo kuna kutembea hadi kaunta, ukaguzi wa pili, ukumbi mrefu, lango la kuondokea. Halafu lami. Halafu ngazi za ndege, nyembamba, zenye mwinuko. Mombasa, yote hayo kinyumenyume. Maumivu yake yote yako hapo, kabla ya kiti na baada ya kiti. Daraja la biashara linakuja kumsaidia katika zile dakika hamsini ambazo mwenyewe amekwambia haumii.

Kinachomsaidia kwenye ngazi ni huduma ya kiti cha magurudumu, na huduma hiyo hutolewa kwa abiria wa madaraja yote bila malipo. Unachotakiwa ni kuiomba mapema, saa 48 kabla ya safari ikiwezekana, na kuiomba kwa usahihi. Mashirika ya ndege duniani hutumia alama tatu: WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS ni asiyeweza ngazi, WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa, hata ndani ya ndege. Ukisema tu "mama ni mzee, msaidieni", karani huenda akaandika ile ya kwanza, na mama atasukumwa vizuri sana hadi chini ya ngazi, kisha aachwe azipande. Tuliomba WCHS. Ile herufi moja ilikuwa na thamani kwake kuliko pazia lote la mbele. Hapo ndipo ningependa kila mwenye mzazi mwenye magoti asome mara mbili.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona kinyume chake. Miaka michache iliyopita tulimsafirisha baba mkwe wa kaka, na shirika moja, sitalitaja, likachukua pesa zetu za daraja la biashara. Kiti cha magurudumu hatukukiomba. Tulidhani tiketi ya bei ile inakuja na kila kitu. Mzee alipanda ngazi akishika reli kwa mikono miwili, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, huku abiria wakirundikana nyuma yake naye akiwaomba radhi. Alikaa kwenye kiti kipana kwa muda mfupi, akapewa juisi kwenye glasi, kisha akaanza kushuka. Siku mbili hakutoka kitandani. Kosa lilikuwa letu kama lilivyokuwa lao, na sikutaka kulirudia kwa mama.

Mjomba akaleta hoja ya treni: kama mbele ya ndege ni ghali, apande Madaraka Express daraja la kwanza. Hili nililiheshimu, kwa kuwa hapo pesa ya ziada ina kazi. Tangu Januari 2024 nauli ya kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 na ya daraja la kwanza 4,500, na safari ya kilomita zaidi ya 470 inachukua karibu saa tano. Kiti bora kinatumika saa tano nzima. Mtu mzima mwenye afya ningemwambia alipe bila kusita. Lakini kwa mama saa tano za kukaa ndizo nilizozihofia. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu mtu akisafiri saa nne au zaidi akiwa amekaa bila kujinyoosha, iwe kwa ndege, treni, basi au gari. Kinacholeta hatari hiyo ni saa, na ndege ya Mombasa haifikii hata robo ya hizo nne.

Kuna dada mmoja wa kamati aliyesema kwamba ndege ikiahirishwa, wa mbele ndio hushughulikiwa kwanza. Kuna ukweli ndani yake: viti vikiwa vichache kwenye ndege inayofuata, mwenye tiketi ya bei kubwa hutangulizwa mara nyingi. Lakini penye mkwamo mkubwa hakuna wa kutangulizwa. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, na wafanyakazi wa uwanja walipogoma Septemba 11, 2024 kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani, wenye tiketi za kila bei walikwama ukumbi mmoja. Kwa harusi ya Jumamosi, kinga ya kweli ni kusafiri Alhamisi.

Wengine huuliza: kama daraja hilo halifai kwa safari fupi, mbona mashirika yanaliweka? Yanaliweka kwa ajili ya abiria anayetoka mbali. Aliyelipia kitanda kutoka London hadi Nairobi, na anaendelea Mombasa, Entebbe au Zanzibar, hatarajii kuhamishwa nyuma katika kipande cha mwisho. Ndiyo sababu Uganda Airlines, iliyorudi angani Agosti 2019, ina viti 12 vya mbele kati ya 76 kwenye ndege zake za CRJ900. Penye abiria wa humuhumu tu, viti hivyo hutoweka. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka 2014, inapeleka watu Pwani kwa Dash 8 za viti 78, vyote vya daraja moja. Visiwani Karibi ni hivyohivyo: kati ya Trinidad na Tobago, mwendo wa chini ya nusu saa, mara nyingi watu huvushwa na ATR ambayo haina daraja la biashara hata kidogo. Kiti cha mbele katika safari fupi ni kiungo cha safari ndefu. Sisi tulitaka kukinunua peke yake.

Ikabaki heshima, na kusema kweli ndiyo iliyokuwa imejificha nyuma ya hoja zote. "Tutamwekaje mama nyuma, wakwe wakisikia?" Sikukasirika, kwa sababu heshima kwa mama ni jambo ambalo nami nalitaka. Ila kwetu mzee hasafiri peke yake. Ana mtu wa kumshikia mkongojo, wa kumfungulia chupa ya maji, wa kumtafsiria tangazo la rubani kwa Kikamba. Tukimkatia mama mmoja kiti cha mbele, mjukuu wake anakaa huko nyuma ya pazia. Tiketi moja ya mbele, kwa bei ya wiki ile, ilikaribia kununua tatu za kawaida. Nikaiambia kamati: kwa karibu pesa hizohizo tunampeleka mama, tunampeleka mjukuu anayemlalia mapajani tangu utotoni, na tunampeleka shangazi, dadake baba, ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha kabisa. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni. Hakusema neno, ila aliacha kufuma.

Kaka alichukua kalamu akaongeza jina.

Alhamisi hiyo mama alisukumwa hadi kwenye gari lenye kijumba, kikainuliwa hadi mlangoni mwa ndege, akaingia kwa hatua nne. Tulimweka dirishani upande wa kulia, mjukuu kando yake, shangazi ng'ambo ya ujia, nami nyuma yao. Ndege ilipopinda kuelekea Pwani aliuona mlima wetu kwa chini, mdogo kama figa, akamshika mjukuu mkono akaanza kumwonyesha kwa kidole: pale ni kwa kaka, pale ni barabara, pale palikuwa na malisho ya ng'ombe wa babako. Alikuwa bado anaonyesha tulipoambiwa tufunge mikanda kwa ajili ya kutua.