Duka la Darmstadt na Vidonge vya Bure



Katika vijiji vingi vya kando ya mito yetu, watu hupanga mstari kila mwaka. Kila mmoja hupimwa kimo kwa fimbo, hupewa vidonge kadiri ya urefu wake, wala halipi kitu. Je, vidonge hivyo vyatoka wapi?

Mwaka 1668 Friedrich Jacob Merck alinunua duka la dawa mjini Darmstadt, Ujerumani. Wazao wake wakalikuza hata likawa kiwanda. Mwaka 1891 George Merck, wa ukoo ule, alikwenda New York kuongoza tawi la huko. Katika vita vya 1914-1918 serikali ya Marekani ikalitwaa tawi hilo, na tangu hapo makampuni ni mawili. Lile la Marekani, ng'ambo huitwa MSD.

Kampuni hiyo ni ya wafanyabiashara, nayo yatafuta faida. Mwaka 2004 iliondoa sokoni Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo, kwa kuwa ilizidisha hatari ya ugonjwa wa moyo. Kisha ikalipa madai ya mabilioni ya dola. Hayo tusiyafiche.

Lakini tusifiche na hili. Satoshi Omura alipata kijidudu katika udongo wa Japani. William Campbell, mtaalamu wa kampuni, akatambua kwamba kinatoa kitu kiuacho minyoo ya wanyama. Hapo ikazaliwa ivermektini, na kwa ajili yake mabwana hao walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo ilifaa pia kwa mnyoo uenezwao na usubi, mdudu wa mito iendayo kasi, ambao umewapofusha wengi. Ila waliohitaji dawa hawakuwa na fedha. Mwaka 1987 kampuni iliahidi kuitoa bure, kwa wingi wote na kwa muda wote utakaohitajika. Mwaka 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa kuushinda ugonjwa huo.

Basi na sisi tuna sehemu yetu. Dawa huua watoto wa mnyoo. Wazazi wao huishi mwilini miaka kumi na zaidi, wakizaa tena. Amezaye mwaka huu na kukimbia mwakani amejidanganya. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa sana wasimeze. Na penye mnyoo wa jicho, loa, dawa yaweza kuleta hatari kubwa: tumsikilize mwuguzi kwanza.

Ahadi ya mwenye kutoa haimponyi asiyefika kupokea.