Hofu Bila Vivumishi: Uteuzi wa Maneno katika Hadithi Fupi ya Kigothiki

Mnamo 1842 Edgar Allan Poe alishikilia kwamba kila neno la hadithi fupi sharti litumikie athari moja. Kauli hiyo ya bingwa wa hadithi ya Kigothiki, yaani ile ya majumba makongwe, makaburi na mizuka, mara nyingi hueleweka visivyo, na mwandishi akarundika vivumishi: "Katika giza nene la kutisha, kizee mwenye macho mekundu alicheka kicheko cha kuogofya." Sentensi ya namna hii humwamuru msomaji aogope, haimwogofyi.

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una somo bora zaidi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba walinzi wa kijiji nao wana nguvu ya asili hiyo hiyo. Mkosaji akinung'unikiwa na majirani, "pumzi ya watu" humshukia kama baridi, akaugua. Hapa hamna jumba kongwe wala kaburi. Hofu imo katika maneno ya kila siku: tumbo, pumzi, baridi, jirani.

Kiswahili kina zana za kuibeba hofu hiyo. Ya kwanza ni ngeli ya mahali. "Pale pana kitu" huonyesha kwa kidole. "Kule kuna kitu" huweka umbali. "Mle mna kitu" hufunga mlango, kitu kikabaki ndani. Ya pili ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Mathalani: "Jua lilikuwa limekwishawaka juu ya migomba ya Kyela. Mzee alijifunika blanketi la pili. Jana alikuwa amesemwa." Hakuna kivumishi cha hofu hata kimoja, wala aliyesema hajulikani, yamkini ni kijiji kizima.

Uteuzi huu una uzito hata nje ya fasihi. Katika Usukuma vikongwe wa kike wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao yaliyowiva kwa moshi wa jikoni yakihesabiwa kuwa ushahidi. Mwandishi anayeazima "kizee mwenye macho mekundu" hulirudia shtaka hilo. Sentensi isiyotaja mtenda haimnyoshei kidole mnyonge. Humwachia msomaji swali la nani aliyesema. Wahakiki hawana budi kuipima hadithi ya hofu kwa sarufi yake kabla ya kuhesabu vivumishi vyake.