Mizani Isiishie Miaka Mitano

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake kuhusu kisukari katika vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya Kilimanjaro. Waliokutwa nacho hawakufika mtu 1 katika kila 100. Watu wa mlimani walikula ndizi, maharage na mboga za kihambani, yaani shamba la nyumbani, na walipanda na kushuka miteremko kutwa nzima wakiwa na mzigo kichwani.

Mtoto wa Moshi mjini leo anaishi vingine. Alfajiri basi la shule linamchukua mlangoni, jioni linamrudisha akiwa na rundo la kazi za nyumbani, na baada ya hapo ni runinga. Getini kuna chipsi zilizomwagiwa tomato, na soda ya mililita 300 yenye sukari ya vijiko saba hivi vya chai. Sukari yenyewe haitoki mbali: mashamba ya miwa ya TPC yako Arusha Chini, na soda za Bonite zinajazwa hapa hapa Moshi. Viwanda hivi vinalisha familia nyingi, wala sidai vifungwe. Ninachodai ni geti la shule lisiwe soko lao.

Wazazi wengi hawaoni hatari ya maisha haya, kwa kuwa wanaamini ugonjwa wa moyo ni wa wazee. Mwaka 1953 madaktari wa Kimarekani walieleza walichokiona walipopasua miili ya askari 300 waliouawa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya 7 katika kila 10 mishipa yao ya moyo ilikwisha kuanza kuharibika. Baadaye utafiti wa Bogalusa, Louisiana, ulikuta dalili za mwanzo hata kwa watoto, na zilizidi kwa wale wenye uzito mkubwa, presha na mafuta mengi katika damu.

Wapo wanaosema tuna shida kubwa zaidi, na hoja yao ina uzito: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini haya si mambo mawili yanayogombea bajeti moja. Mtoto aliyekosa lishe utotoni, kisha akanenepa haraka ukubwani, ndiye anayeandamwa zaidi na presha na kisukari. Anayemjali aliyedumaa hana budi kumfuatilia mpaka ujanani.

Hapo ndipo mfumo wetu unapokatika. Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, na hata kabla ya hapo hofu ya mama ni mstari wa uzito kushuka tu. Ukipanda mno, majirani humpongeza kwa kulea vizuri. Baada ya hapo mtoto hapimwi tena mpaka augue.

Na kupima pekee hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili dakika 60 kila siku. Shule iliyojenga madarasa juu ya uwanja wa mpira itazipata wapi? Wizara ya Elimu isiisajili shule isiyo na uwanja, na mizani iingie darasani mara moja kwa mwaka. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina chuo cha udaktari. Wanafunzi wake wanaweza kuifanya kazi hiyo ya kupima, wakianza na shule za manispaa na kubeba pia mashine za presha zenye mkanda wa saizi ya mkono wa mtoto, maana mkanda wa mtu mzima husoma chini na kuificha presha iliyopo.