Deni la Kampuni Lisilipwe na Jamaa

Neno moja linasemwa sana siku hizi, na mara nyingi linasemwa na watu walioshiba: «Mwafrika anahitaji pansioni ya nini? Watoto wake ndio pansioni yake. Akiugua, ndugu watamtunza. Akikosa kazi, jamaa itamlisha.» Neno hilo ni tamu masikioni, kwani linasifu desturi za wazee wetu. Lakini, wasomaji wapenzi, tuliangalie vizuri. Ndani ya asali hiyo mna sumu.

Hatuisemi vibaya desturi ya kusaidiana. Mtu asiyemjali ndugu yake hana utu. Ila tukumbuke msaada ule wa zamani ulisimama juu ya nini. Ulisimama juu ya shamba. Mihogo ya mmoja ikiharibika, ya mwingine ilikuwa bado udongoni, na mwenye njaa alipewa. Leo, katika mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu wengi hawana shamba. Wana mshahara tu. Na ndugu anayeombwa msaada, naye hana kingine ila mshahara, ama biashara ndogo ya kuwauzia wenye mshahara. Mshahara ukikatika, nani atamlisha nani?

Hayo si maneno ya kubuni. Inchi yetu imekwisha kuyaona. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, posho, shule na hospitali. Haikufanya hivyo kwa huruma tu: ilitaka wafanyakazi wenye nguvu, wasiorudi upesi kijijini. Mwaka 1967 migodi iliingia mikononi mwa Serikali, na kampuni mpya, iliyoitwa baadaye Gécamines, iliendelea kuwa baba na mama wa maelfu ya nyumba. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka. Kisha mitambo ikachakaa, feza zikaliwa, na mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 40.000.

Ikafuata nini? Mishahara ikachelewa miezi, halafu miaka. Mwaka 2003 na 2004, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari». Walipewa feza mara moja tu, na wengi wao walilalamika miaka mingi kwamba hazikulingana na deni lao. Ni hiari gani ya mtu ambaye hajalipwa muda mrefu? Tena mfanyakazi hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza pia hospitali ya mkewe na shule ya watoto wake, kwa sababu vyote vilifungwa kwa kamba moja. Na ndugu zake waliofanya kazi pale pale walianguka pamoja naye.

Wengine watatuambia: «Mna likelemba.» Ndiyo, likelemba ni jambo jema. Watu kumi wanatoa feza kila mwezi, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Lakini likelemba inashinda shida ya mtu mmoja. Haiwezi kushinda shida ya wote kumi siku moja. Mzigo wa namna hiyo unataka mfuko mkubwa wa inchi nzima, ambamo dereva wa Bukavu na mchimbaji wa Kolwezi wanachangia pamoja, ili penye maji pasaidie palipokauka.

Mfuko huo upo katika sheria. Uliundwa tarehe 29 Juni 1961 kwa jina la INSS. Sheria ya mwaka 2016 iliugeuza, na leo unaitwa CNSS. Kwa kila franka 100 za mshahara, mfanyakazi anakatwa 5, na bwana wa kazi analipa 13 kutoka mfukoni mwake. Basi tuseme wazi: bwana wa kazi asiyeandikisha watu wake, au anayewaita vibarua mwaka hata mwaka ili akwepe zile 13, anaiba. Na yule anayewakata zile 5 asizipeleke, anaiba mara mbili.

Kobalti ya Kongo ni zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini wengi wanaoitoa hawaandikwi na mwenye mgodi. Wanaandikwa na makampuni ya katikati, kwa mikataba ya muda mfupi. Mmoja akivunjika mguu, anarudishwa kwa nani? Kwa jamaa! Hapo ndipo tunapojua kwa nini desturi zetu zinasifiwa sana: kampuni inachukua nguvu za mtu, jamaa inalipa deni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

«Lakini pansioni hiyo haishibishi.» Kweli. Mwaka 1994 peke yake bei zilipanda karibu mara mia, na pansioni za wazee zikawa karatasi tu. Ila paa likivuja, wenye akili hawahamii nje kulala, wanapanda kulitengeneza. Na kwa hao walio wengi wasio na bwana wa kazi, yaani mama wa soko, mlimaji, mchimbaji wa mikono, Serikali isijifiche nyuma ya neno «jamaa».

Tangu mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mshahara sharti umtoshe mfanyakazi kuishi, tena mfanyakazi awekewe akiba kwa siku za ajali, ugonjwa na uzee. Basi kila mfanyakazi aulize namba yake ya CNSS, na aulize kama feza zake zinafika. Wenye sendika wadai hesabu ya mfuko kila mwaka. Na sisi tunaoajiri mlinzi, mpishi au mwalimu wa shule ndogo, tuanze kwetu, kabla ya kuwanyoshea kidole wenye migodi.

Jamaa itaendelea kutusaidia, na tuishukuru. Lakini msaada wa ndugu ni zawadi, na pansioni ni haki ya aliyeifanyia kazi. Asiyelipa haki asituhubirie zawadi.