Paa Linalochoka: Zinki, Upepo na Mabati ya Migori na Homa Bay

Uimara wa mabati katika kaunti za Migori na Homa Bay hujadiliwa zaidi kama suala la kutu, na muuzaji anayesifu bati lake husifu kwanza zinki iliyopakwa juu yake, ilhali yuko adui wa pili ambaye wahandisi humwita uchovu wa metali, yaani udhaifu unaoingia katika chuma kinapopindwa na kunyooka mara nyingi kwa nguvu ambayo, lau ingetumika mara moja tu, isingekivunja. August Wöhler wa Ujerumani, aliyechunguza ekseli za treni katikati ya karne ya 19, alionyesha kwamba maisha ya chuma hutegemea si ukubwa wa mzigo peke yake bali pia idadi ya mara mzigo huo unaporudi.

Zinki ina kazi yake, na kazi hiyo isidharauliwe. Hufunika chuma, na pale panapokwaruzwa au kutobolewa na msumari huliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho karibu kisiliwe. Kwa kuzuia vishimo vya kutu, ambavyo ndivyo vitotoleo vya nyufa, huongeza umri wa chuma kinachotikiswa mahali penye unyevu. Hata hivyo, bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja, lina tabaka la takriban maikroni 20 tu kila upande, maikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, na tabaka jembamba hivyo haliwezi kulizuia bati lisipindwe. Kwa vyuma vinavyochovywa katika zinki ya nyuzijoto 450 hivi baada ya kuundwa, kama bolti na nguzo, zinki huungana na chuma na kufanya matabaka magumu yanayopasuka upesi, kiasi kwamba katika chuma chenye nguvu nyingi mpako wenyewe huweza kuwa mwanzo wa ufa.

Hapa ndipo mahali panapotofautiana na mahali. Mombasa, chumvi ya bahari huila zinki kwa kasi. Mbita, Karungu na Muhuru Bay, katika kaunti hizi mbili, zimepakana na maji baridi ya Ziwa Victoria, hewa yake haina chumvi hiyo, na kwa sababu hiyo ulinzi wa zinki hudumu zaidi huku dhoruba za ziwani zikiendelea kuja msimu baada ya msimu. Upepo mwanana wa kila siku hauna madhara makubwa. Lakini msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, hata kasi ikiongezeka maradufu msukumo huwa mara nne, na katika dhoruba moja bati hunyonywa juu na kuachiwa mara nyingi mno, likijipinda palepale penye tundu la msumari.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Darwin, Australia, ambako kimbunga Tracy cha Desemba 1974 kiliezua mapaa kwa wingi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mabati yalipasuka kuzunguka viungio vyake kwa uchovu. Kanuni za ujenzi zilizofuata zilitaka mabati yapimwe kwa kuvutwa na kuachiwa mara 10,000.

Somo hilo linazihusu pia kaunti zetu, kwa sababu tangu Katiba ya Kenya ya 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, na madarasa yake huezekwa kwa fedha za umma. Orodha ya vifaa vya zabuni inayotaja rangi na geji pekee haitoshi, hasa kwa kuwa geji yenyewe humpotosha asiyejua: namba ikipanda, bati huwa jembamba, hivyo geji 32 ni dhaifu kuliko geji 28. Atakayesema kwamba bati nene ni ghali ana hoja ya kweli, na jibu lake si kumlazimisha kila mwananchi alinunue. Misumari zaidi kwenye kingo, pembe na kofia ya paa, ambako mnyonyo wa upepo ni mkali kuliko katikati, pamoja na washa pana zinazoutawanya mzigo kuzunguka tundu, hugharimu kidogo sana ukilinganisha na paa jipya. Serikali za Migori na Homa Bay ziandike katika kila mkataba unene wa bati kwa milimita na umbali kati ya msumari na msumari, na mkaguzi apande ngazi kuhesabu kabla fundi hajalipwa.