UCHAMBUZI: Hoki ya barafuni yahitaji ngazi ya chipukizi, si uanachama pekee

Mnamo Septemba 2024, Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshirika wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni (IIHF), chombo kilichoasisiwa mwaka 1908. Ikawa nchi ya tano barani Afrika kuingia katika shirikisho hilo, baada ya Afrika Kusini, Moroko, Algeria na Tunisia. Kwa taifa ambalo mji wake mkuu uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, hatua hiyo ilistahili shangwe iliyoipata.

Hata hivyo, uanachama mshirika hauna haki ya kupiga kura katika mikutano mikuu ya IIHF, wala hauleti timu uwanjani kwa nguvu zake wenyewe. Swali lililo mbele ya wadau wa michezo nchini sasa ni kama watoto wanaojifunza mchezo huu watapata timu ya taifa ya chipukizi ya kuchezea kabla umri wao haujapita.

Chimbuko la mchezo huu nchini ni kiwanja kimoja. Mwaka 2005, hoteli ya Panari iliyoko kando ya Barabara ya Mombasa, Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu ndani ya jengo lake. Wengi walifika kwa burudani ya kuteleza tu. Baadaye wapenzi wa hoki, Wakenya na wageni waliokuwa wakifanya kazi nchini, walianza kucheza hapo, na mwaka 2016 timu ya Ice Lions ikaundwa. Baadhi ya wachezaji wake walikuwa wamejifunza kwanza kuteleza kwa viatu vya magurudumu juu ya lami. Vifaa vingi, kuanzia magongo hadi kofia ngumu, vilitokana na misaada ya wahisani.

Kwa kukosa wapinzani, wachezaji walikuwa wakijigawa na kushindana wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya migahawa ya Tim Hortons iliwapeleka nchini Kanada, ambako walicheza mechi wakiwa na nyota wawili wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, waliovaa jezi za timu hiyo. Ziara hiyo iliitangaza Kenya duniani. Wakati huohuo timu ilianza kuwafunza watoto, wavulana kwa wasichana, na hao ndio hazina ambayo uchambuzi wowote wa mustakabali wa mchezo huu hauna budi kuitazama.

Kikwazo cha kwanza ni ukubwa wa kiwanja. Uwanja rasmi wa hoki ya barafuni una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30, nao hugawanywa kwa mistari miwili ya buluu katika kanda tatu. Kila timu huingiza wachezaji watano na kipa, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Kiwanja cha Nairobi ni kidogo kuliko kipimo hicho. Mtoto anayefunzwa humo anaweza kumudu chenga, pasi fupi na kusimama ghafla, lakini hapati nafasi ya kutosha kujizoesha kanuni ya kuotea kwenye mstari wa buluu, pasi ndefu, au mbio za kurudi kulinda lango kutoka upande wa pili wa uwanja. Mambo hayo hujengeka mwilini kwa miaka mingi na hayafundishiki kwa wiki mbili za maandalizi ugenini.

Kikwazo cha pili ni kwamba mchezo mzima unategemea sakafu moja iliyo katika jengo la biashara. Barafu ya ndani hutengenezwa kwa kupitisha kimiminika baridi katika mabomba yaliyo chini ya sakafu, na mitambo hiyo hutumia umeme mchana na usiku. Mitambo ikizimwa, barafu huyeyuka, na mazoezi ya watoto wote husimama kwa pamoja.

Kenya imewahi kung'ara katika michezo ya majira ya baridi bila barafu wala theluji ya kwake. Philip Boit alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika mbio za kuteleza juu ya theluji, baada ya kufanya mazoezi nchini Ufini. Njia hiyo ilimfaa mwanamichezo mmoja, mtu mzima. Haiwezi kufaa kikosi cha watoto 20 walio shuleni, ambao hawawezi kuhamishiwa ng'ambo kwa miaka kadhaa. Timu ya chipukizi hujengwa nyumbani, au haijengwi kabisa.

Nchi nyingine za joto zimekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Ufilipino ilijiunga na IIHF mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikatwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia iliyofanyika Kuala Lumpur. Wachezaji wa huko hutumia viwanja vilivyojengwa ndani ya maduka makubwa, ambako ada za wateja wa kawaida husaidia kulipia gharama za barafu. Meksiko, mwanachama tangu mwaka 1985, hupeleka vijana wake wa chini ya miaka 20 katika madaraja ya chini ya mashindano ya dunia. Mji wake mkuu, kama Nairobi, uko katika ukanda wa tropiki na juu ya nyanda za juu.

Kwa upande wa Kenya, misingi ya kisheria ipo. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Sports Kenya, yenye dhamana ya viwanja, pamoja na Chuo cha Michezo cha Kenya, chenye jukumu la kukuza vipaji. Katiba nayo imezikabidhi serikali za kaunti majukumu kuhusu vifaa vya michezo. Aidha, mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika shule za upili za juu.

Ni kweli kwamba uwanja wa barafu ni ghali, na kwamba shule nyingi bado hazina hata uwanja bora wa kandanda. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si lazima iwe jengo jipya. Hoki ya viatu vya magurudumu huchezwa kwenye sakafu ya saruji, na hufundisha sehemu kubwa ya stadi zilezile kwa gharama ndogo. Ikianzishwa shuleni, itaongeza idadi ya watoto wanaoumudu mchezo, na idadi hiyo ndiyo itakayomshawishi mwekezaji kujenga uwanja wa kipimo kamili.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane Kenya ilipopata uanachama atatimiza miaka 18 mwaka 2034. Muda wa kumwandalia timu umeshaanza kuhesabika.